Barafu ya Pumzi

Friji la Mwanakombo lilisusa asubuhi ya siku ya begi, na kama lingekuwa mtu angelizaba kofi. Mwaka mzima lilikuwa likidondosha barafu kwenye droo yake bila kuombwa, mpaka watu wa nyumbani wakawa hawaisikii tena sauti ile. Leo alasiri wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wanakuja kuleta begi la nguo za Shamsa, binti yake wa pekee, na ndani ya droo mlikuwa na vipande vichache tu vilivyogandana pembeni. Juu ya mlango kijitaa cha njano kilikuwa kimewaka na kutulia, hakipepesi wala hakizimi.

"Leo? Umekosa siku nyingine yoyote?" Mwanakombo aliliuliza.

Sharubati ya mabungo ilikuwa imeshajaa ndoo mbili, nzito, iliyochujwa mara mbili. Kumpa mgeni wa begi sharubati ya vuguvugu, kwa joto la Tanga ambalo miaka hii linaanza kabla watu hawajamaliza chai, ni sawa na kumwambia kwamba humtaki. Basi alijifunga kanga kiunoni, akapiga magoti mbele ya friji.

Hakuwa mgeni wa mambo haya. Marehemu mume wake, Athmani, alikuwa mtu wa kuita fundi hata taa ikiungua, na Mwanakombo ndiye aliyekuwa akiwarudisha mafundi njiani. Alianza na kijimkono cha waya, kile kinachoinuka droo ikijaa ili mashine iache kutengeneza. Mara nyingine hukwama juu na friji likadhani lina barafu tele. Kilikuwa chini, chepesi, kinacheza vizuri. Akatoa trei, akakuta kipande kimebana kwenye meno ya kugeuzia, akakiyeyusha kwa kitambaa cha maji ya moto. Akabadilisha chujio, ingawa la zamani lilikuwa bado halijachoka. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Vidole vikafa ganzi, kwa hiyo baridi ipo. Mwisho alichomoa waya wa umeme, akakaa kidogo, akauchomeka. Friji likanguruma, likaimba kijiwimbo chake cha kuamka, na taa ya njano ikarudi palepale.

Kilichobaki ni maji. Enzi za bibi yake maji yalikuwa yakiingia kwa mpira kutoka bombani, na barafu ikikosekana unaangalia kama mpira umejikunja. Siku hizi bomba la mtaa linatoa maji ya chumvi ya kuoshea ngazi, kwa kuwa bahari ilishaingia chini ya visima vyote vya mji. Kila nyumba inakunywa hewa yake yenyewe. Friji linavuta unyevu wa ndani, mvuke wa sufuria, jasho la walioamka na pumzi za waliolala, linausafisha, linaugandisha. Watoto shuleni hutaniana kwamba fulani kanywa mkoromo wa baba yake. Mwanakombo alisugua matundu ya kuvutia hewa kwa mswaki mkuukuu, kisha akategesha sikio. Hewa ilikuwa ikiingia bila taabu, kama mtu anayenusa chakula jikoni.

Ndipo akampigia simu Fundi Semboja, aliyemuuzia friji lenyewe.

"Taa inapepesa?" aliuliza fundi.

"Haipepesi. Imenikodolea tu."

"Ya njano?"

"Ya njano."

Alimsikia fundi akifunga mlango wa karakana.

"Mama Shamsa, umebonyeza kile kitufe cha kurudia?"

"Bado. Ndicho nilichokuwa nakifuata."

"Kiache. Mama yangu, kiache kabisa, nisikilize. Hilo friji ni zima. Kijimkono kikikwama, taa inapepesa. Unyevu ukikosekana, inapepesa. Ikikodoa hivyo, mbovu si friji, ni nyumba. Limenusa kifuamoto."

Mwanakombo alikaa chini sakafuni na trei mapajani.

Ugonjwa huo hauhitaji maelezo kwa mtu wa pwani. Unaanza na uchovu unaosingiziwa kazi, kisha joto dogo kifuani, na kwa kijana unaweza kuishia hapo. Kwa mzee unakausha mapafu kama samaki wa kuanikwa. Miaka ya kwanza friji zilikuwa zikitangaza kwa sauti, na watu wakazivunja kwa nyundo. Watengenezaji wakawa wajanja zaidi. Sasa friji linajifanya limeharibika lenyewe. Linaacha barafu, mwenye nyumba anahangaika, anabonyeza kitufe cha kurudia, nalo linanusa mara ya pili. Likikuta kilekile, waya mwembamba wa nyuma unapeleka habari ofisi ya Afya ya Mji, na gari jeupe linakuja kumchukua mtu kumpeleka karantini ng'ambo ya ghuba. Wengi hurudi. Athmani hakurudi, na waliobaki nyumbani walipewa habari kwa simu ya msichana mwenye sauti nzuri aliyelitamka jina lake vibaya.

"Sijakwambia kitu," Fundi Semboja alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ule waya mwembamba unachomoka kwa ukucha. Ukishauchomoa, bonyeza utakavyo, jibu litabaki nyumbani mwako. Fungua madirisha kwanza, toa watu wote, mwache mtu mmoja na friji. Halafu mwingine. Utamjua ni nani."

"Nikishamjua?"

"Hapo mimi sina la kukwambia, mama yangu."

* * *

Ndani ya nyumba walikuwamo watu watatu. Shamsa alikuwa amewekwa ndani tangu Ijumaa iliyopita, haonekani na jua wala na mwanamume, anasuguliwa singo asubuhi na jioni. Pamoja naye alikuwamo somo wake, Bi Chausiku, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyehamia pale na mto wake mwenyewe ili amfunde mwari na kumpamba. Chumba chao kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye friji. Wa tatu ni Mwanakombo, mama mwenye shughuli, ambaye siku zile hakuwa akilala wala kukaa.

Bi Chausiku alitoka na chetezo mkononi, moshi ukimtangulia, akasikiliza habari yote. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kifuamoto cha wapi! Udi huo, Mama Shamsa! Nimefukiza udi na ubani humu usiku na mchana, kuta zenyewe zinanukia. Kijimashine cha watu wasiojua hata udi ni nini, kimenusa moshi, kimedhani ni ugonjwa. Kizime, ukiwashe."

Jinsi Mwanakombo alivyotaka kuyaamini maneno yale! Yaliingia akilini, yalikuwa na harufu nzuri, tena yalisemwa na mtu mzima. Angeweza kuyashika na kwenda nayo mpaka siku ya harusi. Lakini usiku wa kuamkia jana alikuwa amesikia kikohozi kupitia mlango wa chumba kile, kikohozi kidogo cha mtu aliyejificha mdomo, na hakujua kilitoka kwa nani.

"Tupime, Somo," alisema. "Kwa ajili ya moyo wangu tu."

Aliingiza ukucha nyuma ya friji, akauchomoa waya mwembamba. Ulitoka kirahisi mno kwa kitu kinachoweza kumpeleka mtu gerezani.

Bi Chausiku alikuwa wa kwanza. Walizima chetezo na kukitoa uani, wakafungua madirisha mpaka harufu ikapungua, wakayafunga, Shamsa akafungiwa chumbani na kitambaa kikasokomezwa chini ya mlango wake. Somo akaketi kwenye kigoda mbele ya friji, magoti wazi, kama mtu anayesubiri kusukwa. Mwanakombo alikaa uani, nje ya dirisha, na hapo akajikuta anaomba. Alikuwa anaomba iwe ni Somo. Mwanamke aliyekula naye sahani moja, aliyempakata Shamsa akiwa mchanga, na yeye anamwombea kifuamoto ili apone mwanawe. Aliona haya, lakini hakuacha kuomba.

Ndani kitufe kilibonyezwa. Friji likanusa kwa muda mrefu. Kisha likasikika, kidi, kipande cha barafu kikianguka.

"Kijani!" Bi Chausiku alipiga kelele. "Mzima buheri wa afya!"

Mwanakombo alisema alhamdulillahi kwa mdomo mkavu. Sasa amebaki Shamsa.

Walifungua tena madirisha. Shamsa alitolewa akiwa amegubikwa kanga mbili, uso wa manjano kwa singo, macho tu yakionekana, yakicheka.

"Mama, kuna nini?"

"Friji linataka kukunusa tu."

"Litanusa singo, basi. Litatoa barafu ya njano."

"Kaa hapo, mwanangu. Bonyeza, halafu tulia. Usiseme sana."

Alitoka tena uani pamoja na Bi Chausiku, ambaye safari hii hakucheka. Walisimama karibu na ndoo za sharubati. Mwanakombo alizitazama kamba za kuanikia nguo, akasoma kila aya aliyofundishwa chuoni, zile anazozijua na zile alizozisahau katikati. Alifikiri juu ya gari jeupe. Alifikiri juu ya Shamsa akipandishwa na singo yake usoni. Alijua wakati ule, bila kujidanganya, kwamba ikiwa ni Shamsa hatamtoa. Atalifunga friji kwa kamba, atawatazama wageni machoni, na atawanywesha.

Kidi.

Kidi, kidi.

Vigelegele vya Bi Chausiku vilifika mpaka nyumba ya tatu. Walikumbatiana pale uani na kuyumba kama vijana, na mama mtu akalia machozi ya furaha kabisa, bila kuona aibu.

"Sikukwambia?" alisema somo. "Udi!"

* * *

Saa iliyofuata ilikuwa tamu kuliko zote za harusi ile. Bi Chausiku alirudi chumbani kumchora mwari hina. Mwanakombo alikaa kwenye kigoda mbele ya friji akijaza mabakuli kwa barafu, akiyapanga kwenye sinia, akiimba kichinichini. Alijua sasa atavaa nini. Alijua atamketisha wapi Bi Zamzam, nyanya yake bwana harusi, ambaye ndiye atakayeshika begi kwa heshima ya uzee wake.

Bi Zamzam alikuwa mtu wa pekee kwake. Athmani alipougua, kabla gari jeupe halijaja, Afya ya Mji walizungusha kamba kwenye nyumba, na majirani wakapita upande wa pili wa barabara. Bi Zamzam, ambaye wakati huo hakuwa hata na udugu nao, aliinua kamba kwa fimbo yake akaingia na bakuli la uji. Mgonjwa haachwi, alisema, na askari wakashindwa la kumfanya. Uji ule ulimgharimu. Alilala wiki nyingi, akainuka na pafu moja linalopiga filimbi kila akipanda ngazi. Urafiki uliozaliwa pale ndio uliomleta mjukuu wake kumposa Shamsa.

Mwanakombo alitia kipande cha barafu mdomoni, kama alivyokuwa akifanya kila mchana siku zile. Baridi ilimteremka kifuani, na kifua kikaipokea kwa raha. Kilikuwa kina joto tangu juzi. Aliyasingizia mafiga, sufuria kubwa za halua, kukimbia huku na huku.

Kisha akatambua kwamba friji limenyamaza.

Alifikiri droo imejaa, akaivuta. Ilikuwa nusu. Akainua kichwa polepole, na kijitaa kilikuwa cha njano, kimemkodolea.

Chetezo kilikuwa uani, majivu yake yamepoa; kile kikohozi cha chumbani, basi, ndicho kilichokuwa cha udi. Humu ndani hapakuwa na moshi wa kitu chochote. Wakati wa kupimwa wawili wale yeye alikuwa nje mara zote mbili, amesimama uani akiomba juu ya watu wengine, na hakuna aliyekumbuka kwamba nyumba ina mtu wa tatu. Ndiye aliyelifungua friji zaidi ya wote. Ndiye aliyepiga magoti asubuhi nzima na uso ndani yake, akilipumulia.

Alitema barafu kwenye kiganja.

Bi Chausiku alitokea mlangoni na hina vidoleni, akataka kusema neno la mzaha, akaiona taa, akamwona Mwanakombo. Walitazamana.

"Rudi nyuma, Somo," Mwanakombo alisema, akivuta ushungi kuziba mdomo. "Usinikaribie."

"La," alisema Bi Chausiku. "Hapana. Hilo lijinga tu hilo."

"Tumelipima mara mbili. Si lijinga."

Somo alirudi nyuma hatua moja, na kuona mwenyewe kwamba amerudi kulimliza. Alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, hina ikampaka shavuni. Kisha akazungumza kwa haraka, kwa sauti ndogo ili mwari asisikie.

"Nisikilize, mwenzangu. Waya umechomoka, hakuna anayejua ila sisi. Ziba mdomo, kaa mbali nao, sema una mafua. Ijumaa mtoto anaolewa, anatoka nyumba hii. Jumamosi uende mwenyewe kwa miguu yako, useme umeumwa usiku huo huo. Nani atakulaumu? Afya ya Mji wakija leo wakakukuta, gari litakuchukua, sisi tutafungiwa kamba, na nyumba ya kamba haiolewi. Unajua haiolewi. Umemlea peke yako mpaka leo, usimwone hata siku yake moja?"

Kila neno lilikuwa kweli, na Mwanakombo alilitaka kila neno. Alijiona Ijumaa, amekaa kwa mbali na ushungi wake, anamtazama Shamsa akitolewa. Ng'ambo baadaye angekwenda na picha ile, na kama asingerudi, basi angekuwa nayo.

Lakini mama wa bibi harusi hakai mbali. Bi Zamzam ataingia, ataweka begi chini, atapanua mikono, na kumnyima kifua mbele za watu haiwezekani. Atambusu kulia na kushoto. Ataketi naye mkeka mmoja, ubavu kwa ubavu, mpaka magharibi, na pafu lake likipiga filimbi.

Mtaa wa pili ngoma ikasikika. Walikuwa wanakuja mapema.

"Wapigie simu," Bi Chausiku alisema. "Waambie unaumwa, warudi."

"Somo, unamjua Bi Zamzam. Nikimwambia naumwa atarudi? Ataongeza mwendo."

Mtu kama Bi Zamzam akisikia jirani yake mgonjwa anatafuta kwanza viatu.

"Nenda chumbani kwa Shamsa," Mwanakombo alisema. "Funga mlango, fungua dirisha la uani. Wote wawili mmetoka wazima, mbaki wazima. Na chochote mtakachokisikia, msiitikie."

"Mwanakombo!"

"Msiitikie, Bi Chausiku. Nakuomba kwa yule unayempenda."

Somo alikwenda. Mwanakombo alimwaga mabakuli yote kwenye beseni la kuoshea, barafu ikagonga bati kwa kelele. Kisha alipapasa nyuma ya friji mpaka akaupata waya mwembamba. Kuuingiza kulikuwa kugumu kuliko kuutoa. Kitundu kilimkwepa mara kadhaa. Ulipoingia, alibonyeza kitufe cha kurudia, akasogeza uso karibu na matundu, akalipumulia friji taratibu, pumzi ndefu, ili lisije likakosea. Taa ikawa nyekundu: habari imeshakwenda Afya ya Mji.

Ngoma ilifika mlangoni na kukoma.

"Hodi!" Sauti ya Bi Zamzam, yenye furaha na ya kukatikakatika. Nyuma yake vigelegele vya wanawake wengi.

Mwanakombo alisimama katikati ya ukumbi, mikono yote miwili juu ya ushungi. Maisha yake yote hajawahi kusikia neno lile bila kulijibu. Jibu lilimpanda kooni lenyewe, karibu, karibu mama, karibuni ndani, akalibana kwa meno.

"Hodi wenyewe!"

Vigelegele vilipungua. Mtu alicheka, akasema labda wanavaa. Kutoka chumbani ilisikika sauti ya Shamsa, kisha sauti ya Bi Chausiku ikimnyamazisha.

Wote waliokuwa kwenye ngazi zile walijua, kama ajuavyo mtoto wa pwani anayeanza kutembea, kwamba hodi ni tatu, na baada ya ya tatu mtu mwenye heshima zake haiti tena.

"Hodi, Mama Shamsa," Bi Zamzam alisema, safari hii polepole, karibu kabisa na ubao wa mlango. Filimbi ya pafu lake ilisikika kupitia ufa. "Ni sisi, mwanangu."

Mwanakombo alipiga magoti sakafuni. Alijikunja mpaka paji la uso likagusa saruji, akalia bila sauti. Angetoa mkono wake mmoja ili aseme neno moja, na neno hilo moja lingemwingiza yule mama ndani.

"Wametoka, labda," mtu alisema nje.

"Watoke wapi, na mwari yumo ndani?" alijibu mwingine, kwa sauti ya kukata. "Dirisha la uani si lile, liko wazi. Wanatusikia hao. Tumekataliwa."

"Bi Zamzam, twende. Usijidhalilishe."

Miguu ilianza kushuka ngazi. Fimbo ilikuwa ya mwisho kuondoka. Kisha magurudumu ya begi yakaanza kukwaruza juu ya mawe ya barabara, begi lililojaa, zito, likivutwa na watu waliokasirika, kuelekea lilikotoka.

"Mama?" Shamsa aliita kutoka nyuma ya mlango. "Mama, hao si ndio wao? Mbona begi linarudi?"